Ngano ya Ostap

Zalesie, 20 Novemba 2022

Mdogo wangu Marzena,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji Ostap. Sisi huku hatujambo. Wifi yako Jolanta mgongo unamsumbua tangu baridi ianze, lakini ukimwambia akae kitako anakuuliza ng'ombe watakamuliwa na nani. Binti yako Solomiya yupo, anamsaidia. Zlata ameanza chekechea na mwalimu anasema Kipolandi chake tayari kinawapita watoto wa diwani. Anamwita Jolanta bibi. Usione wivu, bibi mwenyewe ni wewe, huyu wa huku anakushikia tu nafasi.

Naandika kwa sababu simu yako haipatikani, na siku ikipatikana tunaishia kulia sote wawili mpaka umeme unakatika kwako. Mykyta dereva alilala kwetu jana akirudi nyumbani na lori tupu. Alikula sahani mbili za kabichi na nyama, akamwambia Jolanta kwamba angeolewa Ukraine Warusi wangehama wenyewe kwa harufu ya jikoni. Nimempa barua hii na katoni ya mishumaa.

Marzena, njooni. Nilimwambia Ostap mwezi wa tatu, na sasa nakwambia wewe. Warusi wamesukumwa nyuma, sawa, lakini mashamba yenu yamejaa mabomu ya ardhini, na bandari ya Mykolaiv imefungwa. Mliyovuna mtampelekea nani? Chumba cha mama kipo. Makaa ya mawe nimepata, ingawa nililala kwenye foleni ndani ya gari kama mzururaji. Gesi imepanda bei mpaka mashine ya kukaushia mahindi nimeizima. Mbolea usiseme, inatengenezwa kwa gesi, basi imepanda nayo. Nimenunua hivyo hivyo, kwa kuwa kila mtu anasema ngano mwakani itakuwa dhahabu. Kaka yake Jolanta aliyeko Ujerumani, kiwanda chao cha vioo kimezima tanuru. Yuko nyumbani anatengeneza baiskeli za majirani bila kuombwa.

Lakini chakula kipo. Njooni.

Kaka yako,
Leszek

*

Barvinivka, 8 Januari 2023

Kaka Leszek,

Nimefurahi kuuona mwandiko wako, bado umelala upande mmoja kama alivyokuwa anaulalamikia mwalimu wetu. Mwambie wifi Jolanta apake mafuta ya moto mgongoni na aache ukaidi. Mbusu Zlata. Ostap anakusalimu sana, anasema mishumaa yenu inanuka kanisa na sasa kila tukila viazi anajiona anaungama.

Umeme tunapata saa chache, wakati mwingine hatupati. Paa la zizi tulilifunika kwa turubai. Shule haina madirisha. Mengine utayajua kwenye redio.

Hatuji, kaka. Usiniulize tena, maana kila ukiuliza nalala vibaya. Oktoba Ostap alipanda ngano shamba la juu. Kwanza alilikagua lote kwa mguu, anachoma udongo mbele yake kwa ufito wa chuma, taratibu, kama kipofu. Mimi nilikaa barabarani nikiwa nimeshika shuka, sijui nilidhani litanisaidia nini. Jioni nilimwambia, "Twende kwa Leszek, tukachume matufaha kama ulivyonikuta." Akasema, "Nilikwenda kwa kaka yako mara moja kama kibarua nikarudi na mke. Safari hii nitarudi na nini?" Tukacheka, yakaisha.

Sasa nina ombi. Ngano ya mwaka jana iko ghalani. Wanunuzi wa huku wanatoa bei isiyofikia hata dizeli, kwa sababu hakuna meli. Yule mfanyabiashara wenu wa nafaka wa mjini Hrubieszów, muulize kama anaweza kuichukua, Mykyta ataileta. Sitaki upendeleo, anipe bei anayowapa wengine.

Mdogo wako,
Marzena

*

Zalesie, 2 Mei 2023

Mdogo wangu,

Pasaka imepita salama. Ng'ombe mwekundu amezaa. Korongo wamerudi kwenye nguzo ya umeme, jike na dume, na Jolanta anawanung'unikia kama wapangaji wachafu. Natumaini kwenu pia joto limefika na shemeji yuko shambani.

Kuhusu mfanyabiashara, nilikwenda. Sitakuficha. Ghala lake limejaa mpaka mlangoni, na limejaa ngano ya kwenu. Inaingia kwa treni na kwa malori, ya makampuni makubwa, si ya watu kama Ostap, lakini ghala haliulizi ni ya nani. Bei imeanguka nusu. Mimi nilinunua mbolea kwa bei ya juu kuliko zote maishani mwangu, sasa nauza ngano kwa bei ya chini. Nimeuza kidogo, iliyobaki naitazama. Sikumtajia ya kwako. Nilishindwa kufungua mdomo mbele ya majirani waliokuwa wamepanga foleni pale na trela zao.

Kisha serikali ikafunga mpaka. Ngano yenu haiuzwi tena huku, inaruhusiwa kupita tu kwenda nchi nyingine. Wenzangu walikunywa bia kwa furaha. Mimi nilikwenda kulala.

Solomiya ameondoka na mtoto. Amepata kazi mjini Lublin, kazi nzuri, ikabidi aende haraka. Nadhani ameshakwambia. Nyumba imekuwa kimya.

Leszek

*

Barvinivka, 23 Julai 2023

Kaka,

Salamu kwako na kwa wifi. Hongera kwa ndama.

Tumevuna shamba la juu. Ngano imetoka nzuri kuliko tulivyostahili, mbegu nzito, kavu, ukiimwaga mkononi inateleza. Tulivuna mimi, Mykyta na mke wake, kwa mashine ya kuazima. Nimeiweka peke yake, sijaichanganya na ya zamani.

Solomiya sasa yuko Łódź, anatunza wazee. Kazi ya Lublin haikuwepo. Najua walichoambiwa mezani kwenu, Leszek. Zlata aliomba kipande cha pili cha mkate, na Jolanta akamwambia, "Babu yako anatuua kwa ngano yake, na sisi tunakulisha." Mtoto wa miaka mitano aliweka mkate chini akauliza, "Babu anaua?" Na wewe ulikuwepo. Solomiya anasema ulikuwa unakata nyama, ukaendelea kukata.

Sina hasira na wifi. Mgongo unauma, bei imeanguka, mtu anasema. Nilitaka tu ujue kwamba najua, ili usipate taabu ya kutunga kazi nyingine.

Marzena

*

Zalesie, 3 Septemba 2023

Marzena,

Tuko wazima. Ulichoandika ni kweli. Jolanta alilia kesho yake, lakini Solomiya alikuwa ameshafunga mizigo na hakutaka kumsikiliza mtu.

Nimeisoma barua yako tena na tena. Umeandika habari za mbegu, za Mykyta na mke wake, za mashine ya kuazima. Ostap hukumtaja hata mara moja. Ameitwa jeshini, kwa umri wake? Anaumwa? Au ananikasirikia hata salamu hataki? Nimepiga simu mpaka nimechoka. Nijibu.

Leszek

*

Barvinivka, 1 Oktoba 2023

Kaka Leszek,

Ostap alikufa mwezi wa nne. Alikuwa shamba la chini, anatayarisha ardhi kwa ajili ya alizeti. Lile nalo alilikagua kwa ufito. Trekta lilipita mara ya kwanza, likageuka, na lilipokuwa linarudi likakanyaga bomu. Nilisikia kutoka bustanini nikadhani ni mbali. Tumezoea, kila mlio tunadhani ni mbali.

Solomiya hakuondoka kwako kwa sababu ya mkate. Mkate ulikuwa wa jana yake. Asubuhi ile nilikuwa nimempigia simu kumwambia baba yake amekufa. Alifunga mizigo mbele yenu na hakuwaambia kitu, maana kwa maneno ya usiku uliopita alishindwa kulia ndani ya nyumba yenu. Alikuja, tukazika, akaondoka tena kwa sababu ya mtoto.

Utauliza kwa nini sikukwambia. Wiki ile ile mpaka ulifungwa, na nikajua namna watu wa huko Zalesie walivyokuwa wanasema juu ya ngano yetu. Niliogopa ungekuja kumzika kwa aibu. Halafu nikaogopa kwamba usingekuja. Nikaona afadhali nisijue.

Umezoea kumwita shemeji kwa sauti kubwa tangu mlangoni. Ningependa uendelee kumkumbuka hivyo.

Marzena

*

Zalesie, 17 Desemba 2023

Mdogo wangu mpenzi,

Sijui salamu gani inafaa kuandikiwa mtu aliyefiwa miezi minane iliyopita. Barua yako ilipofika nilitoka nikaenda bustani ya matufaha nikasimama kwenye ule mstari wa mwisho, alikokuwa anachuma Ostap na kuimba vibaya kwa makusudi ili utoke dirishani kumkemea. Baba aliniambia wakati ule, "Yule Mukraine haimbi, anavua samaki." Nilitaka kuja. Nilifika hadi kuuliza nauli ya basi. Kisha sikuja, na sina sababu ya kukupa.

Jolanta anakutumia mkate mwembamba wa Krismasi, umebarikiwa. Uumege na Mykyta na mkewe. Anaomba msamaha. Ameandika barua ya peke yake akaichoma.

Hali huku ni mbaya. Jirani wa kushoto ameuza ardhi, wa kulia anauza. Wanasema nafaka bado inapenya kwa njia za pembeni, inaandikwa inapita lakini haifiki inakokwenda. Mimi sikuona kwa macho yangu, lakini bei naiona. Watu wanakwenda kufunga barabara mpakani na matrekta. Wamenialika. Sijui.

Kaka yako,
Leszek

*

Barvinivka, 24 Januari 2024

Kaka,

Asante kwa mkate wa Krismasi. Ulifika umevunjika, lakini kwa kuwa wenyewe huvunjwa haikudhuru. Mwambie Jolanta kipande chake nilikula kwa jina lake.

Nimeamua kuiuza ngano ya Ostap, ile ya shamba la juu. Nilikuwa naitunza kama mtu, naifungulia dirisha siku za jua. Mykyta akaniambia, "Dada, hiyo ni ngano, itaoza, na Ostap angekuwa wa kwanza kukucheka." Tumepata msagaji mmoja wa Ujerumani. Itapita tu kwenu, lori limefungwa kwa lakiri, hata punje haitabaki. Nikilipwa nitamwekea Ostap jiwe, na kinachobaki kitanunua dizeli ya kupandia.

Mykyta ameondoka leo asubuhi na nimechelewa kumpa barua, ndiyo maana naituma kwa posta. Foleni ya malori mpakani wanasema ni ya siku nyingi, na madereva wanalala kwenye baridi. Kutoka kwako ni karibu. Nakuomba umpelekee supu ya moto na sigara. Lori lake unalijua, la bluu, mlango mmoja mweupe.

Mdogo wako,
Marzena

*

Zalesie, 3 Machi 2024

Mdogo wangu Marzena,

Tuko wazima. Theluji imeyeyuka mapema, barabara ni matope matupu. Ndama amekua. Jolanta anamtazamia kaka yake Pasaka, ingawa hana kazi wala nauli.

Barua yako imefika juzi. Posta siku hizi ni kama kobe. Kwa hiyo supu haikuwezekana. Mykyta sikumwona. Mambo ya mpakani yamevurugika kidogo, utakuwa umesikia.

Jitunze.

Leszek

*

Barvinivka, 7 Aprili 2024

Kaka Leszek,

Salamu. Mimi mzima. Solomiya na Zlata wazima.

Mykyta amerudi na lori tupu. Alikaa jikoni kwangu muda mrefu kabla ya kuvua kofia. Anasema walikuja mchana, kundi la watu wenye vizibao vya njano, wameacha matairi yanaungua nyuma yao, mmoja ameshika mkasi wa kukatia chuma. Alihisi lori linatikisika akashuka. Alipofika nyuma, mlango wa kumwagia ulishafunguliwa na ngano ilikuwa inatoka kama maji. Akawaambia kwa Kipolandi chake kibovu, "Jamani, hii inapita tu. Inakwenda Ujerumani." Mmoja akamjibu, "Hata ya mwaka jana ilikuwa inapita, babu. Ilipita mpaka ikalala kwa jirani yangu." Wakacheka.

Ndipo akakuona, karibu na gurudumu. Alikuita kwa jina. Anasema ulivuta kofia ukatazama msituni, kama mtu aliyesikia anaitwa mwingine.

"Nimekula mezani kwake," aliniambia. "Sura yangu anaijua."

Alijaribu kuzoa kwa mikono, akaweka kwenye ndoo, kwenye koti lake. Ilikuwa imechanganyika na theluji na mafuta ya magari. Ndoo ile ameniletea. Kuku wameila.

Barua zetu Mykyta hatazibeba tena. Usimlaumu.

Marzena

*

Zalesie, 19 Mei 2024

Marzena,

Leo sina salamu.

Nilikuwepo. Mlango niliufungua mimi. Mkasi ulikuwa wa mtu mwingine, lakini kishikio nilikivuta mimi, kwa sababu nilikuwa karibu na kwa sababu nilitaka. Nilikwenda upande wa nyuma, mlango mweupe sikuuona. Ngano ilipoanza kumwagika nilifurahi. Hilo sijamwambia mtu, hata Jolanta. Miaka miwili nilikuwa nikipiga simu, mnunuzi hajibu, benki wananisubirisha kwa muziki, waziri hapatikani, na sasa kitu kimoja hatimaye kimetii mkono wangu. Kisha Mykyta akazunguka lori na kuanza kuzoa. Nilisikia jina langu. Mara zote nilisikia.

Sikujua kwamba ni ya Ostap. Naapa kwa mama. Lakini sitakudanganya tena: ningejua, ningeliacha lile nikaenda kwenye lori lililokuwa nyuma yake, na hiyo ingekuwa ya mwanamke mwingine.

Wala haikusaidia kitu. Bei iko pale pale. Ng'ombe tumeuza, hata mwekundu na ndama wake. Jolanta amekwenda Ujerumani kutunza wazee, yeye na mgongo wake. Kiwanda cha kaka yake hakikuwasha tena tanuru, mashine zimefungwa zikapelekwa nchi ambako gesi ni rahisi. Niko peke yangu hapa. Sitapanda msimu ujao. Kijana wa kampuni amekuja kupima ardhi, wanataka kuweka paneli za umeme wa jua.

Niliwaza nikulipe ngano kwa ngano. Ghala langu limejaa, ndicho kitu pekee nilicho nacho. Lakini kwako haina njia ya kufika, na ikifika hutakuwa na wa kumuuzia.

Niambie kama sisi bado ni ndugu.

Leszek

*

Barvinivka, 27 Oktoba 2024

Leszek,

Barua yako ilifika mwezi wa sita. Nimekaa nayo.

Zlata ananipigia simu Jumapili. Kiukraine kinampotea, ananijibu Kipolandi. Miaka zaidi ya thelathini sikuwa na mtu wa kuongea naye lugha ya mama yangu ndani ya nyumba hii, na sasa ninaye, ndani ya simu. Wiki iliyopita nilimuuliza atarudi lini. Akasema, "Bibi, kurudi wapi?" Hakuwa na utundu wowote. Alikuwa anauliza kweli.

Walikuja watu wa kutegua mabomu. Wapole, wamechoka. Shamba la chini wameliwekea alama nyekundu pande zote na kusema zamu yake haijulikani, labda miaka mitano, labda kumi. Nilimuuliza mkubwa wao kama kaburi litakuwa salama, maana liko kwenye ukingo wa shamba lile. Akasema nisiende peke yangu. Kwa hiyo kwa Ostap siendi. Jiwe sikuweka.

Umeuliza kama sisi bado ni ndugu. Ni ndugu, Leszek, na hapo ndipo penye shida. Ungekuwa mtu baki, ningekutukana nikamaliza na kukusahau kabla ya mavuno. Wewe siwezi kukumaliza. Najaribu kukusamehe, naanza vizuri, nakumbuka ulivyonibeba mgongoni kwenda shule kwenye theluji, nakwenda, nakwenda, nikifika pale Mykyta alipokuita nashindwa kupita. Nimejaribu majira yote ya joto. Maneno yako kuhusu lori la nyuma ni ya kweli, nakushukuru kwa kutonidanganya, na ndiyo hasa yanayonizuia. Huyo mwanamke mwingine namjua. Anaishi kila kijiji cha huku.

Mykyta ameuza lori. Shamba la juu ni salama lakini dizeli sina, mbegu nilizila kiangazi, na wa kuendesha trekta hayupo, wala trekta. Oktoba inakwisha na hatukupanda, mara ya kwanza tangu nije nchi hii. Na wewe ulisema hutapanda. Basi ngano yangu haitakuja tena kuiharibia yako bei.

Baridi imeanza. Nimehamia jikoni, naishi chumba kimoja chenye jiko. Usiniandikie kwa sasa. Nikiweza nitaanza mimi, na nisipoanza, usidhani ni posta.

Marzena